Duka la mtandaoni lenye hasara: bei ya hisa yake hupimwaje?

Habari za aina hii hutoka kila baada ya miezi mitatu, na kila zikitoka ubishi huanza upya. Kampuni inayouza bidhaa mtandaoni inatangaza hasara ya mamilioni ya dola, na kabla ya soko kufungwa hisa zake zimepanda. Robo mwaka inayofuata hasara imepungua, lakini hisa zinaporomoka. Mmoja atasema wanunuzi wa hisa wamerukwa na akili. Mwingine atamjibu kwamba hata Amazon ilianza hivyo hivyo. Hapo ubishi unakwama, na aliyekuwa na akiba yake ya kuwekeza anaondoka bila jibu.

Ninaamini unakwama kwa sababu wote wawili wanajadili kama kampuni ni nzuri au mbaya. Kampuni nzuri inaweza kuuzwa kwa bei ya kukufilisi, na kampuni ya kawaida kwa bei ya kukufaidisha. Swali lenye kuzaa jibu ni hili: bei ya leo inakutaka uamini nini kuhusu miaka 10 ijayo? Ukishayajua unayotakiwa kuyaamini, unaweza kuyapima moja baada ya jingine.

Kwanza maneno yenyewe. Hisa ni kipande cha umiliki. Kampuni ikiwa na hisa milioni 200 nawe unazo 200, unamiliki sehemu moja katika milioni ya kila ilicho nacho: maghala, jina, madeni, na faida yoyote itakayopatikana huko mbele. Bei ya hisa ni kiasi ambacho mnunuzi wa mwisho alikubali kulipia kipande kimoja. Zidisha bei hiyo kwa idadi ya hisa zote, utapata thamani ya kampuni sokoni, yaani bei ya duka zima. Hisa milioni 200 kwa dola 20 kila moja ni dola bilioni 4.

Kosa la kwanza huzaliwa hapa. Wengi wakiona hisa ya dola 3 husema ni rahisi, na ya dola 300 husema ni ghali. Shamba ukiligawa viwanja 10 au viwanja 1,000, ukubwa wake ni ule ule. Bei ya kipande haikuambii lolote mpaka ujue vipande viko vingapi, na duka zima linauza kiasi gani.

Kipimo kilichozoeleka zaidi ni kugawanya bei ya kampuni kwa faida yake ya mwaka. Ikitoka 15, maana yake unalipa faida ya miaka 15 kwa mkupuo. Kwa kampuni yenye hasara kipimo hicho hakina kazi, kwa hiyo watu hukimbilia kugawanya bei kwa mauzo. Mauzo yapo daima, na huwa yanakua, na tarakimu inayotoka huonekana ndogo na ya kupendeza. Kuwa nayo makini. Kampuni ya programu za kompyuta ikishatengeneza programu, nakala ya pili haigharimu karibu chochote. Duka ni tofauti: kila bidhaa inayotoka lazima inunuliwe, ihifadhiwe, ifungashwe na isafirishwe. Katika biashara ya rejareja iliyokomaa, kwenye kila dola 100 za mauzo, faida inayobaki baada ya gharama zote na kodi mara nyingi ni kati ya dola 2 na 5. Sasa chukua duka linalouzwa kwa mara 4 ya mauzo yake. Unalipa dola 400 kwa biashara ambayo, ikishakomaa, huenda ikakupa dola 5 kwa mwaka. Hiyo ni miaka 80 ya kurudisha pesa yako, isipokuwa mauzo yakue sana. Neno "sana" ndilo tutakalolihesabu baadaye.

Kwa nini chenye hasara kiwe na bei

Mfugaji anaponunua mtamba hapati maziwa siku hiyo. Kwa miezi mingi atamlisha, atamtibu na kumlinda, pesa ikitoka bila kuingia. Hakuna anayemshangaa, kwa sababu wote wanajua analipia maziwa ya baadaye. Lakini bei anayokubali inategemea mambo matatu: mtamba huyu atatoa maziwa kiasi gani, atachukua muda gani kufika huko, na kuna uwezekano gani kwamba atakufa au atakuwa tasa njiani.

Kwa hiyo anayesema "haina faida, basi haina thamani" amekosea, sawa na anayesema mtamba hana bei. Duka lenye hasara hupimwa kwa mambo hayo hayo matatu, pamoja na moja ambalo mfugaji analijua bila kulitaja: pesa ya kesho haina uzito wa pesa ya leo. Kama ungeweza kupata asilimia 5 kwa mwaka kwingine bila wasiwasi, dola 100 za miaka 10 ijayo zina thamani ya dola 61 leo. Kama unataka asilimia 12 kwa sababu biashara ni ya hatari, dola hizo hizo 100 zina thamani ya dola 32 tu. Duka lenye hasara linaahidi karibu pesa zake zote huko mbali, ndiyo maana linaumia kuliko wengine riba zinapopanda. Benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, hisa za maduka ya mtandaoni zilipigwa vibaya, na sehemu ya kipigo hicho haikuhusu kabisa jinsi maduka yenyewe yalivyokuwa yakiendeshwa.

Hasara za aina mbili

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo ningemwomba msomaji akae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Ng'ombe dume naye anakula majani. Ukitazama gharama za lishe peke yake huwezi kumtofautisha na mtamba. Vivyo hivyo mstari wa mwisho wa taarifa ya fedha, ule unaosema "hasara ya mwaka", haukuambii kama kampuni inalisha kitakachotoa maziwa au kisichotoa. Inabidi ushuke mpaka kwenye oda moja.

Tuseme mteja amelipa dola 50. Duka lilinunua bidhaa hiyo kwa dola 38, kwa hiyo faida ghafi ni dola 12. Toa dola 4 za ghala na kufungasha, dola 6 za kumpelekea mteja, dola 1 ya ada za malipo, na dola 2 za bidhaa zinazorudishwa na huduma kwa wateja. Jumla ya gharama ni dola 13. Duka limepoteza dola 1, na bado hatujagusa matangazo, mishahara ya makao makuu wala kodi. Duka kama hili likiongeza mauzo mara 10, hasara nayo inaongezeka mara 10. Ukisikia "mauzo yanakua, faida itafuata" kuhusu duka la namna hii, huo ni mfano wa dume.

Sasa badilisha kidogo. Maghala yamejaa kazi, gari moja linapeleka mizigo mingi katika mtaa mmoja, na gharama za oda zimeshuka hadi dola 9. Kila oda inabakiza dola 3. Duka bado linaweza kutangaza hasara kubwa, kwa sababu linatumia pesa nyingi kutafuta wateja wapya na kujenga maghala. Lakini hasara hii ina asili nyingine: ni matumizi yanayoweza kuzaa, mradi wateja wabaki.

Kama watabaki ndilo jambo linalopimwa kwa uvivu kuliko yote. Tuseme kumpata mteja mmoja mpya kunagharimu dola 24 za matangazo na punguzo la kumkaribisha. Kwa dola 3 kwa oda, lazima aagize mara 8 ndipo pesa hiyo irudi. Chukua wateja 100 waliopatikana mwaka mmoja kwa jumla ya dola 2,400. Kila anayebaki anaagiza mara 4 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza wanaleta dola 1,200. Wakibaki 50 mwaka wa pili wanaleta 600; wakibaki 30 mwaka wa tatu, 360; wakibaki 20 mwaka wa nne, 240. Jumla ni dola 2,400 kamili. Miaka 4 imepita, duka limerudisha ilichotoa tu, bila senti ya kulipia makao makuu. Lakini kama mwaka wa pili wangebaki 80 na mwaka wa tatu 70, mapato ya miaka mitatu yangekuwa dola 3,000, na kila mwaka unaofuata ungekuwa faida. Maduka haya mawili yanaweza kutangaza mauzo yale yale na hasara ile ile leo. Thamani zake ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Mfano halisi unaonipendeza zaidi ni wa biashara moja iliyofanywa mara mbili. Pets.com ya Marekani iliuza mtandaoni chakula na vifaa vya wanyama wa nyumbani. Iliingia soko la hisa Februari 2000 kwa dola 11 kwa hisa, ikatangaza sana kwenye televisheni, ikauza bidhaa nzito kwa bei zisizofidia gharama, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza kufunga. Kwa miaka mingi watu waliitaja kama ushahidi kwamba chakula cha mbwa hakiuziki mtandaoni. Kisha ikaja Chewy, iliyoanzishwa 2011 na kuingia soko la hisa la New York mwaka 2019, nayo ikiwa na hasara. Inauza kitu kile kile. Ila zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yake yamekuja kutoka kwa wateja walio kwenye mpango wa kupelekewa mzigo kwa ratiba, bila kuvutwa upya kwa tangazo kila mara. Chewy ilifika kwenye faida. Anayetaka kujua thamani ya duka la mtandaoni aulize kwanza ni wateja gani wanarudi bila kuitwa.

Maneno ya kusoma kwa tahadhari

Taarifa za kampuni hizi zina msamiati wake. Baadhi ya maduka hutangaza kwa herufi kubwa "thamani ya bidhaa zilizouzwa kwenye jukwaa", ambayo hujumlisha hata bidhaa za wauzaji wengine. Duka likipata kamisheni ya dola 10 kwenye bidhaa ya dola 100, mapato yake ni dola 10. Ile 100 haikuwa yake kamwe. Kuna pia "faida iliyorekebishwa", ambapo kampuni huondoa gharama inazoziona si za kawaida. Marekebisho mengine ni ya haki. Lile la kuondoa hisa wanazolipwa wafanyakazi sikubaliani nalo hata kidogo. Wafanyakazi wakilipwa kwa hisa mpya, mlipaji ni wewe mwenye hisa za zamani, kwa kuwa kipande chako kinapungua. Idadi ya hisa ikiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, hisa milioni 200 zinakuwa karibu milioni 269 baada ya miaka 10. Kampuni lazima ikue kwa theluthi moja ndipo wewe usirudi nyuma.

Kisha angalia fedha zenyewe. Kampuni inaweza kuvumilia hasara kwa miaka mingi. Kinachoiua ni kuishiwa fedha. Gawanya akiba iliyo benki kwa fedha inayotoka kila mwaka, utajua imebakiwa na miaka mingapi kabla ya kuhitaji kukopa au kuuza hisa mpya. Amazon ilikuwa na nguvu mbili hapa. Wateja waliilipa papo hapo, nayo ikawalipa wasambazaji wake wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo ukuaji wenyewe uliingiza fedha. Tena Februari 2000 iliuza hati fungani, yaani ilikopa kwa wawekezaji, za yuro milioni 690, mwezi mmoja tu kabla ya soko la kampuni za intaneti kuanza kuanguka. Webvan, duka la mtandaoni la vyakula lililoingia sokoni Novemba 1999, ilifanya kinyume: ilisaini mkataba wa takriban dola bilioni 1 wa kujengewa maghala katika miji mingi kabla ya kuthibitisha kwamba ghala la kwanza linaweza kujilipa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Julai 2001 iliomba kufilisiwa.

Kuligeuza swali

Sasa turudi kwenye duka letu la mfano tulipe sura kamili. Linauza dola bilioni 1 kwa mwaka, linapata hasara ya dola milioni 100, lina akiba ya dola milioni 400 na halina deni. Hisa ni milioni 200, bei dola 20, kwa hiyo sokoni lina thamani ya dola bilioni 4. Je, bei hiyo ni ya haki?

Wengi huanza kwa kukisia ukuaji, kisha kutafuta bei. Mimi huanza upande wa pili. Nikinunua kwa dola 20 na nikitaka asilimia 12 kwa mwaka kulipia hatari hii, baada ya miaka 10 hisa yangu lazima iwe na thamani ya dola 62. Kwa kuwa hisa zitakuwa zimefika milioni 269, duka zima litatakiwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 16.7. Wakati huo litakuwa kampuni iliyokomaa, tuseme wanunuzi wanalipa mara 20 ya faida. Basi lazima lipate faida ya dola milioni 835 kwa mwaka. Kwa faida ya dola 5 kwenye kila 100, hiyo inahitaji mauzo ya dola bilioni 16.7.

Kutoka bilioni 1 hadi 16.7 katika miaka 10 ni kukua kwa zaidi ya asilimia 32 kila mwaka, miaka 10 mfululizo, bila kupumzika. Hicho ndicho bei ya dola 20 inachokutaka uamini. Zipo kampuni zilizowahi kufanya hivyo, ila ni chache mno, na nyingi zilizokua kwa kasi hiyo mwaka wa 2 au wa 3 zilikuwa zimepoa zilipofika wa 6.

Kisha fungua njia mbalimbali ambazo mambo yanaweza kwenda. Ukuaji ukiwa asilimia 20 na faida 5 kwa 100, hesabu ile ile inaipa hisa thamani ya dola 7.4 leo. Ukiwa asilimia 25 na faida 6 kwa 100, ni dola 13.4. Mambo yakienda vizuri mno, ukuaji wa asilimia 35 na faida 8 kwa 100, ni dola 38.5. Duka likifa ni sifuri. Sasa weka uzito: nafasi 25 katika 100 za kufa, 40 za njia ya kwanza, 25 za ya pili, 10 za ile ya ndoto. Jumlisha, utapata kama dola 10.

Unaweza kunipinga kuhusu uzito huo, na una haki. Nami ningependa watu wapingane hapo, kuliko kupingana kuhusu nani ni Amazon mpya. Faida ya 8 kwa 100, kwa mfano, haitoki kwa kuuza bidhaa peke yake. Inahitaji duka liwe na chanzo kingine: kamisheni za wauzaji wengine, matangazo kwenye tovuti yake, ada za uanachama. Hata Amazon haikufika ilipo kwa rejareja tu. Wauzaji wengine ndio wanaouza zaidi ya nusu ya bidhaa kwenye jukwaa lake, na biashara yake ya kukodisha kompyuta kwa kampuni nyingine, iliyoanza 2006, imekuwa ikileta sehemu kubwa ya faida yake ya uendeshaji. Kwa hiyo anayekuambia "hata Amazon ilianza na hasara" muulize chanzo cha pili cha duka lake ni kipi, na kama kimeshaonekana kwenye hesabu au bado kiko kwenye hotuba.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo halionekani upesi. Katika ile dola 10, karibu dola 4 zimetoka kwenye njia yenye nafasi 10 tu katika 100. Zaidi ya theluthi moja ya thamani yote imeegemea ndoto. Habari moja ikitufanya tuipe ndoto hiyo nafasi 20, tukizitoa zile 10 za ziada kwenye uwezekano wa kufa, thamani inapanda hadi dola 14. Tukiifuta kabisa na kuziongeza nafasi zake 10 kwenye kufa, inashuka hadi dola 6.3. Ndiyo sababu hisa hizi hurukaruka. Mara nyingine ni wazimu wa soko, na mara nyingine ni hesabu halali inayosogea kwa habari ndogo.

Kampuni sahihi, bei isiyo sahihi

Amazon iliingia sokoni Mei 1997 kwa dola 18 kwa hisa. Mwaka 1999 iliuza bidhaa za dola bilioni 1.64 na kupata hasara ya dola milioni 720. Desemba mwaka huo hisa yake ilifika kama dola 107, kwa bei za wakati ule kabla ya kila hisa kugawanywa tena kuwa vipande vidogo mwaka 2022. Kampuni nzima ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya mara 20 ya mauzo yake. Mwishoni mwa Septemba 2001 hisa ile ile ilikuwa chini ya dola 6, ingawa mauzo ya mwaka huo yalifika dola bilioni 3.12, karibu mara mbili ya yale ya 1999. Kampuni ilikuwa imekua huku bei ikipoteza zaidi ya asilimia 90. Robo ya mwisho ya 2001 ikaleta faida yake ya kwanza, dola milioni 5, na mwaka 2003 ukawa wa kwanza kumalizika kwa faida.

Aliyenunua kwa dola 107 alikuwa amechagua kampuni iliyokuja kuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Alisubiri hadi Oktoba 2009 kurudisha pesa yake, bila riba yoyote. Aliyenunua kwa dola 6 alinunua kampuni ile ile. Mwenye kutaja Amazon kama ushahidi kwamba hasara si kitu, asikomee 2003. Ahesabu na hiyo miaka ya kungoja.

Na wapo wanaoona hisa imeshuka asilimia 90 wakaamini sakafu imefikiwa. Hisa iliyoshuka asilimia 90 ni ile iliyoshuka 80, kisha ikapoteza nusu ya kilichobaki. Hakuna kinachoizuia kupoteza nusu tena. Bei ya zamani si kipimo. Watu waliolipa dola 107 walikuwa wanakisia kama sisi.

Mwaka mmoja wa faida nao usikudanganye. Wayfair, muuzaji wa samani mtandaoni wa Marekani, ilimaliza 2020 na faida ya dola milioni 185, ya kwanza tangu iingie sokoni 2014, kwa sababu janga la korona liliwafungia watu majumbani wakaanza kununua meza na vitanda. Mwaka uliofuata ilirudi kwenye hasara, na 2022 hasara ilipita dola bilioni 1.3. Faida ile ilikuwa ya kweli, lakini ilitokana na mwaka usio wa kawaida, na waliohesabu kana kwamba kila mwaka utakuwa kama ule walilipa bei ya juu.

Ile habari ya hisa kuporomoka wakati hasara imepungua sasa inaeleweka. Shuka kwenye taarifa, na mara nyingi utakuta hasara imepungua kwa sababu matangazo yamekatwa, na yalipokatwa wateja wapya wakaacha kuja na ukuaji ukashuka kutoka asilimia 25 hadi 20. Kwenye karatasi yetu, hata tukiiachia faida ile ile ya 6 kwa 100, hisa imetoka dola 13.4 ikaenda kwenye 8.9. Na ile iliyopanda siku ya hasara kubwa? Tafuta ukurasa unaoonyesha wateja wa miaka iliyopita. Huenda wale wa mwaka juzi wanaagiza mara nyingi kuliko walivyoagiza mwaka wao wa kwanza, na gharama ya kila oda imeteremka kwa dola moja.